Karatasi Hii Inaenda Wapi?

Kwa miezi saba nilikuwa mkalimani wa kibarua kwenye kazi ya kujaza fomu za wageni wapya. Kazi yenyewe mnaijua. Ofisa anauliza kwa Kiingereza, mimi nageuza kwa Kiswahili, mgeni anajibu, mimi namrudishia ofisa. Siku moja alikuja kijana; sitasema ametoka nchi gani, wala kama ni wa kike au wa kiume. Tulipofika kwenye swali la kilichomfanya akimbie, alinyamaza muda mrefu. Halafu akamwacha ofisa, akanigeukia mimi: "Kaka, karatasi hii inaenda wapi?"

Nikamwambia sijui. Ofisa akauliza amesema nini, nikatafsiri, ofisa akasema taarifa zote ni siri. Kijana akajibu neno moja tu, "Vita," tukaendelea na swali la watoto.

Wiki kadhaa baadaye tulikutana njiani tukitoka bombani, akanieleza. Hakukimbia vita. Ndugu zake walifungua begi lake wakakuta barua za mpenzi wake, na mpenzi huyo alikuwa wa jinsia moja naye. Kilichomponza ni karatasi. Amenikubalia niandike haya, na mambo mengine nimeyageuza ili asitambulike.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta vitabu na majarida ya zamani ambayo watu kama yeye waliandika, au waliandikwa. Nilitaka kujua karatasi zao zilienda wapi. Hayo majarida ni adimu kweli. Maktaba ya kambi haina, na hata mjini huyapati dukani. Nimeyasoma kwenye simu, kurasa zilizopigwa picha na maktaba za Ulaya na Marekani, usiku ule mtandao unapopata nguvu kidogo. Kijerumani sijui, kwa hiyo mengine nimeyajua kwa tafsiri na kwa kazi za wanahistoria. Msomaji apime maneno yangu kwa kipimo hicho.

Najua pia wapo watakaosema: huyu naye, mambo yote ya kambini, njaa, mgao uliokatwa, ameona aandike habari za mashoga? Nawaheshimu. Sijaja hapa kumbadilishia mtu imani yake. Ila makala hii inahusu jinsi mtu anavyoandikwa na anavyoandika, na hilo linamhusu kila mwenye kadi ya mgao.

Nianze na kurasa zinazotugusa sisi wenye Kiswahili. Mwaka 1899, katika jarida la Berlin liitwalo Zeitschrift für Ethnologie, ilichapishwa ripoti fupi ya Kijerumani kuhusu watu wa Zanzibar wanaopenda jinsia yao. Ni kurasa tatu hivi. Tafsiri ya Kiingereza imo ndani ya kitabu Boy-Wives and Female Husbands, kilichohaririwa na Stephen O. Murray na Will Roscoe na kutoka mwaka 1998. Wanaochunguza historia hii Afrika Mashariki huirudia mara kwa mara, kwa sababu inaonyesha kwamba watu hao walikuwepo Unguja zaidi ya miaka 120 iliyopita, na walikuwa na majina kwa Kiswahili. Kwa hilo peke yake, ripoti ile ina thamani. Mtu anayedai jambo hili limeletwa juzi na mashirika, aisome kwanza.

Lakini niliisoma kama mkalimani, na kama mkalimani ilinikera. Maneno ya Kiswahili yamo, kama hanisi na mke-si-mume, yamepangwa kama vitu vya kabati la makumbusho. Watu wenyewe hawamo. Hakuna mmoja aliyepewa nafasi ya kusema sentensi nzima. Mwandishi anagawanya nani amezaliwa hivyo na nani ameiga, kisha lawama ya kuiga anawatwika Waarabu. Hiyo ni tabia ya wakati wake: kila jambo lisiloeleweka lazima lipate kabila la kubebeshwa. Kwani hatuijui tabia hiyo? Kila mtu kambini ameshasikia jambo baya likitupiwa bloku ya jirani.

Na maneno bila wenyewe hupotoka. Chukua neno shoga. Pwani mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kike wa damu moja, "Shoga yangu, karibu chai," na hakuna anayegeuka kutazama. Neno lilelile likivuka likaenda kwingine, ni tusi la kumfukuzia mtu mtaani. Kamusi inaweza kukupa maana zote mbili. Mwenye kulitumia tu ndiye anayeweza kukuambia linamfanyia nini moyoni. Ripoti ya 1899 ilikusanya maneno, haikukusanya hilo.

Mwaka uleule wa 1899, Ujerumani palepale, likaanza jarida la namna nyingine: Jahrbuch für sexuelle Zwischenstufen, yaani kitabu cha kila mwaka kuhusu hali za kijinsia zilizo katikati ya mwanamume na mwanamke. Mhariri wake alikuwa daktari Magnus Hirschfeld, mchapishaji Max Spohr wa Leipzig. Lilidumu mpaka 1923. Sheria ya Ujerumani ya wakati huo, kifungu cha 175, iliwafunga wanaume waliolala pamoja, na jarida hili lilikuwa sehemu ya vita ya kuifuta. Silaha yake ilikuwa elimu: makala za madaktari, za wanasheria, za historia, na orodha ndefu za vitabu vipya vilivyohusu jambo hilo.

Orodha hizo ndizo nilizozipenda. Mmoja wa waliozichambua alijiita Numa Praetorius. Jina halisi lilikuwa Eugen Wilhelm, mwanasheria wa Strasbourg. Mwaka baada ya mwaka mtu huyu alisoma kila alichokipata, akasema hiki kizuri, hiki uongo, hiki kimeandikwa na mtu asiyejua anachosema. Wasomaji waliokuwa peke yao vijijini walijua kupitia kwake kwamba kuna vitabu. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki ninayoiheshimu. Aliifanya kwa jina la bandia, na uhakiki wake haukupungua uzito hata kidogo.

Hirschfeld mwenyewe alikuwa mtu wa fomu. Mwishoni mwa 1903 alipeleka kadi kwa wanafunzi wapatao 3,000 wa chuo cha ufundi cha Charlottenburg, akiwauliza wanavutwa na nani. Walitakiwa kuweka alama tu, bila jina. Mwaka 1904 akawauliza pia wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Baadhi ya wanafunzi walimshtaki kwamba swali lenyewe ni tusi, akapigwa faini. Mimi nasema kadi ile ilikuwa na adabu kuliko fomu nyingi nilizojaza kwa mkono wangu. Iliuliza jambo zito, ikamwacha mtu aende zake bila kuacha jina.

Lakini baadaye mambo yalikua. Mwaka 1919 Hirschfeld alifungua taasisi yake Berlin, nyumba kubwa yenye kliniki, maktaba, picha, barua, na fomu ndefu zenye maswali zaidi ya 100 kuhusu maisha ya mtu tangu utotoni. Watu walikuja wenyewe, kwa sababu palikuwa mahali pa kusikilizwa. Hapa ndipo nina ugomvi na jarida lake na kazi yake yote. Alitaka kuushawishi ulimwengu kwa ushahidi, na taratibu mtu akageuka kuwa ushahidi. Picha yake, vipimo vyake, ndoto zake, vyote viliwekwa mezani ili hakimu na mbunge waamini. Nia njema sina shaka nayo. Hata sisi tumeambiwa mara ngapi: simulia yaliyokupata, simulia tena, wafadhili wanahitaji kuelewa. Na vyote vile viliwekwa chini ya paa moja.

Tarehe 6 Mei 1933, miezi michache baada ya Hitler kushika madaraka, wanafunzi walikuja kwa malori wakiwa na bendi ya tarumbeta wakaivamia nyumba ile. Tarehe 10 Mei vitabu vyake vilichomwa hadharani kwenye uwanja wa Opernplatz, pamoja na vingine vingi. Hirschfeld hakuwepo. Alikuwa ameondoka Ujerumani tangu 1930 kwa safari ya mihadhara, na kama Myahudi, na kama mtu wa aina ile, hakuweza kurudi. Aliuona moto ule akiwa Paris, ndani ya sinema, kwenye filamu ya habari. Alikaa kwenye kiti, gizani, akatazama maktaba yake ikiungua pamoja na watu waliolipa kiingilio. Wangapi kati yetu tumeuona mji wetu hivyo, kwenye simu ya mtu mwingine?

Marekani nako kulikuwa na jaribio. Henry Gerber, aliyekuwa askari wa Marekani Ujerumani baada ya vita ya kwanza, alirudi Chicago na mawazo ya Wajerumani. Mwaka 1924 alisajili chama, na majina ya viongozi yakaandikwa kwenye hati ya usajili, maana sheria ilitaka hivyo. Wakatoa jarida, Friendship and Freedom, matoleo mawili. Mwaka 1925 polisi wakaja. Wakachukua mashine ya chapa na karatasi zake. Mashtaka yalikuja kufutwa, lakini akiba yake ilikuwa imekwisha kwa mawakili, na kazi yake ya posta ikapotea. Kwa maelezo ya Gerber mwenyewe, habari ilivuja hivi: mke wa mmoja wa wanachama alimlalamikia mfanyakazi wa ustawi wa jamii, na huyo akawapigia polisi. Nawaomba ndugu zetu wa mashirika wanaosoma jarida hili waisome sentensi hiyo mara ya pili. Huenda yule mfanyakazi alidhani anatimiza wajibu.

Sasa nifike kwenye jarida ninalolipenda kuliko yote. Linaitwa Vice Versa. Lilianza Juni 1947 Los Angeles, likaisha Februari 1948, matoleo tisa tu. Aliyelitoa alikuwa karani wa studio ya filamu, Edith Eyde. Bosi wake alimwambia kazi ikiisha asikae bure, aonekane ana shughuli. Basi akaonekana ana shughuli. Aliweka karatasi na kaboni kwenye mashine, akapiga chapa, akarudia mara ya pili, na toleo likapata nakala kumi au kumi na mbili. Hakuuza. Hakuweka jina lake wala la mtu yeyote. Mwanzoni alituma kwa posta, mpaka rafiki akamwonya kwamba kutuma kitu kama hicho kwa posta kunaweza kumfunga; tangu hapo akagawa kwa mkono. Na aliwaomba wasomaji: ukimaliza, mpe mwingine.

Ndani yake kuna nini? Kuna mashairi, hadithi fupi, barua za wasomaji, uchambuzi wa filamu na riwaya. Niseme ukweli wa mhakiki: mashairi mengine ni ya kawaida sana, na hadithi zake zina utamu wa sukari nyingi. Sehemu kubwa aliiandika yeye peke yake, na inaonekana. Dunia yake ni ndogo, ya makarani wa Kizungu wa mji mmoja. Ukitafuta humo mateso makubwa, hutayapata.

Na hapo ndipo ubora wake ulipo. Mara ya kwanza katika usomaji wangu wote huu, hakuna anayejitetea. Ripoti ya Zanzibar inazungumza juu ya watu. Jarida la Hirschfeld linazungumza kwa niaba ya watu, mbele ya hakimu. Vice Versa ni mwanamke anamwandikia mwenzake: filamu hii umeiona? Mwisho wake umekuudhi kama ulivyoniudhi mimi? Katika makala moja ya 1947 alitabiri kwamba siku moja watu kama yeye watachukuliwa kuwa sehemu ya kawaida ya jamii. Anaandika hivyo kwa utulivu, kama mtu anayesema mvua itanyesha mwezi wa nne. Miaka michache baadaye, alipoandika kwenye jarida jingine, alitumia jina Lisa Ben. Ukizipanga upya herufi zake kwa Kiingereza unapata neno lesbian. Hata kujificha alikufanyia mchezo.

Mtu atasema: sawa, lakini ni salama kwa sababu ni kidogo. Nakala kumi hazibadilishi sheria. Ni kweli. Jarida la ONE, lililoanza 1953 mji uleule, lilikuwa na ofisi na anwani, posta ikakataa kulisafirisha, nalo likaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na kushinda mwaka 1958. Kuna wakati lazima mtu asimame na anwani yake. Lakini anayeamua wakati huo awe ni mwenye anwani. Sitakubali aamuliwe na mhariri, wala na daktari, wala na mkalimani.

Na kuna hoja nyingine iliyonisumbua zaidi. Kitu kisichokuwa na jina wala ofisi, nani atakitunza? Nakala kumi za kaboni zingeweza kuishia kuwashia jiko. Zilibaki kwa sababu watu walikaa nazo, na leo zimo kwenye hifadhi za nyaraka Marekani, yeyote mwenye simu anazisoma. Jibu la swali hili nililipata kwa mtu niliyekuwa nimempita haraka katika habari za Hirschfeld.

Anaitwa Li Shiu Tong, mzaliwa wa Hong Kong. Alikutana na Hirschfeld Shanghai mwaka 1931 akiwa mwanafunzi, wakawa wapenzi, akafuatana naye mpaka Ulaya. Hirschfeld alifariki Nice, Ufaransa, tarehe 14 Mei 1935, siku aliyotimiza miaka 67, akiwa bado mkimbizi. Li alirithi karatasi zake. Akazibeba. Kwa karibu miaka 60 alihama nchi na mabara na zile karatasi, mpaka akafia Vancouver, Kanada, mwaka 1993. Baada ya kifo chake vitu vyake vilitupwa kwenye taka za jengo alilokaa. Jirani mmoja aliona sanduku, akaona maandishi, akaona si takataka. Alilitunza miaka mingi, mpaka watafiti kutoka Berlin walipomfikia na karatasi zikarudi Ujerumani. Ndani yake kulikuwa na daftari la Hirschfeld, picha, hata kinyago cha uso wake kilichotengenezwa alipokufa. Yalikuwemo pia maandishi ya Li mwenyewe, kitabu ambacho hakukimaliza.

Nilipoisoma habari hiyo nilizima simu nikakaa. Maktaba ya nyumba kubwa iliporwa na kuchomwa kwa siku chache. Sanduku la mkimbizi lilifika.

Kwa hiyo kipimo changu cha majarida haya adimu kimekuwa swali la yule kijana, na sasa nina sehemu mbili za kuliuliza. Ya kwanza: nani anaongea humu, na anamwambia nani? Ya pili: ikiangukia mkono mbaya, nani ataumia? Wafanyabiashara wa vitabu huuza nakala za zamani kwa bei ya uchache wake. Mimi nashauri tuzipime kwa maswali hayo mawili. Ripoti ya Zanzibar haimdhuru mtu kwa jina, ila haina sauti. Kazi ya Hirschfeld ina elimu na ujasiri, lakini iliweka siri nyingi mno katika nyumba moja. Vice Versa inapita yote mawili, na ilitengenezwa kwa kaboni wakati bosi hatazami.

Nimalizie nyumbani. Toleo la kwanza la jarida letu hili lilikuwa nakala 40. Wahariri hawana hata moja. Moja niliiona kwa macho yangu imefungia mandazi sokoni, nikanunua mandazi yote ili niipate, na ukurasa wa mwisho ulikuwa umeshachanika. Tusicheke. Sisi pia tayari tumekuwa jarida adimu.

Ukurasa ule wa mwisho naukumbuka. Tuliandika majina ya waandishi wote na namba za bloku zao, kwa kujivunia. Mmoja wao alikuwa ameandika shairi la mapenzi ambalo wasomaji wachache walielewa linamwimbia nani. Hakuna aliyemuuliza kama namba ya bloku iwekwe. Hata mimi, niliyekuwa nasahihisha chapa, sikumuuliza.

Mwenye nakala nzima ya toleo hilo, tunaomba ailete kwa wahariri. Tutaitunza ilivyo, sehemu tatu tofauti, kwa watu watatu wanaoaminika; tukiichapisha tena, namba za bloku zitatoka, na kila mwandishi atachagua jina la kutumia. Na wewe unayeleta makala mpya, kabla hatujaipokea tutakueleza itasomwa na nani na nakala zitakaa wapi. Ukiona jibu letu halikutoshi, rudi na karatasi yako.

Yule kijana nilimwonyesha makala hii kabla ya kuipeleka. Aliisoma yote. Akaniuliza kama zile barua zake nazo siku moja zingeweza kuitwa adimu. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ndugu zake wamechoma mali.